Siku Waliyonipandisha Ngazi kwa Kiti

Mjukuu wangu, sogea hapa. Nakumbuka siku moja ya mvua, miaka ile ya hamsini, tukikaa Muthangari katika chumba cha nyuma kwa tajiri wa mume wangu. Uchungu wa mimba yangu ya kwanza ulinishika hata chai haijachemka. Kliniki ilikuwa juu kilimani. Barabara ya kuzunguka ilikuwa imejaa matope, gari halipiti, ikabaki njia ya ngazi za mawe za zamani, zimelika katikati na zinateleza kama sabuni.

Mume wangu Wekesa na kaka yake Barasa wakanikalisha kwenye kiti cha jikoni, wakaninyanyua. Walikuwa wanaume wema, wenye nguvu. Lakini ubishi! Hatujafika hata nusu, wakakwama.

"Wewe unavuta kiti yote upande yako," Barasa akasema. "Ningekuwa mbele, tungekuwa tumefika."

"Mbele ni yangu. Huyu ni bibi yangu."

"Na mkubwa ni nani?"

Wakaniweka chini, kiti kimeinama, wakaanza kulaumiana mpaka habari za ng'ombe aliyepotea zamani huko nyumbani. Mvua inaninyeshea. Nami nimeuma pindo la leso, nangoja wamalize, kwa sababu nilifundishwa kwamba mke hawakatizi wanaume wakizungumza. Hebu ona upuuzi huo!

Bi Zuhura, mke wa mwenye duka, mtu wa Mombasa, alikuwa akishuka na mwavuli wake. Akasimama, akatutazama.

"Binti, waweza kusimama?" akaniuliza.

"Naweza, mama."

"Basi inuka, nishike bega. Tukiwangoja hawa, mtoto atazaliwa hapa aanze kuwaamua."

Nikainuka. Uchungu ukija tunasimama, ukipita tunapanda. Kwa hasira niliyokuwa nayo, sikuona hata urefu wa kilima. Nyuma yetu nikasikia miguu ikikimbia.

"Nafula, ngoja tukubebe!"

"Beba kiti," nikamjibu Wekesa. Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo.

Shangazi yako alizaliwa hata sijakauka maji ya mvua. Nesi alipotoka kuwapa habari, aliwakuta wale wawili mlangoni wanabishania jina.

Nakwambia haya kwa sababu jana nimewasikia, wewe na ndugu yako, mkigombana nani ampeleke baba yenu hospitali, naye amelala pale anaungua homa. Nimechoka na tabia hiyo, mwanangu. Mgonjwa akiwa mikononi mwenu, mfikisheni kwanza. Lawama mtagawana baadaye. Na siku ukiwa wewe ndiye unayeumia, usinyamaze kwa adabu. Sema, tena kwa sauti, mpaka wasikie.

Haya, nenda ukamwite ndugu yako, mmwinue baba yenu. Mungu awape mikono inayosaidiana, na awarudishe wote watatu salama.