Kuingia Ofisini Kutoka Buhongwa

Maandishi yalikuwa mafupi, mekundu, na hayakuwa na adabu: Umekataliwa kuingia. Sababu hayakutaja. Mtu akikufukuza mlangoni kwake walau hukupa sababu, hata kama ni ya uongo. Mimi nilifukuzwa Jumatatu asubuhi nikiwa nimekaa kwenye meza yangu mwenyewe, chai inapoa, na baba ananitazama kutoka kitandani kupitia mlango wa chumba chake tuliokuwa hatuufungi.

Nieleze hali yetu ilivyokuwa. Ofisi yangu iko Dar es Salaam. Ni kampuni ya malori ya mizigo, na kazi yangu ni kuidhinisha safari; nisipobonyeza, lori halitoki yadi. Baba alipopata kiharusi na upande wa kulia ukafa, niliomba nifanyie kazi nyumbani kwake, hapa Buhongwa, Mwanza. Mama alishatangulia. Kaka yangu yuko Kahama, naye alisema mapema, kabla hata hajaulizwa, kwamba nyumba yake ni ndogo. Mkuu wangu wa idara alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti: nibaki Mwanza maadamu naonekana kwenye mfumo kila siku ya kazi. Nikishindwa kuonekana, nirudi Dar. Na nikirudi Dar, baba abaki na mtu wa kuajiriwa, asiyejua kwamba uji wa moto unampalia na kwamba akinyamaza sana ujue anaumwa.

Kwa hiyo ile VPN, njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti ya watu wote hadi kwenye mfumo wa ofisi, ndiyo ilikuwa inaniweka karibu na baba. Kuipita kunahitaji nywila, kisha tarakimu sita zinazotolewa na programu fulani kwenye simu na kubadilika kila mara. Programu hiyo ilikuwa kwenye simu yangu ya zamani, ambayo nilimpa baba niliponunua nyingine. Kuihamisha kulitaka barua na vibali, na mimi na vibali hatupatani. Basi kila asubuhi nilichukua simu kando ya mto wa baba, nikasoma tarakimu, nikamrudishia.

Jumatatu ile nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya. Nilizima kompyuta nikaiwasha. Nilichomoa kile kisanduku cha intaneti, nikasubiri, nikakichomeka. Niliongeza bando wakati bando lilikuwepo. Nilifuta programu ya VPN nikaiweka upya, nikaandika nywila polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Umekataliwa kuingia. Dirishani nilikuwa naona malori yakipita barabara ya Shinyanga, na mengine nilijua kabisa ni yetu.

Jamaa wa TEHAMA wa kule Dar alikuwa mpole, na upole wake ulinikera zaidi ya ukali. "Dada, tatizo ni mtandao wa huko kwenu," alisema. Huko kwenu! Kana kwamba Mwanza tunatumia kuni kuwasha kompyuta. Lakini aliuliza pia swali la maana, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Hebu angalia simu yenye tarakimu. Saa yake inasemaje? Maana saa ikikosea, tarakimu zinakuwa batili."

Nikaitazama simu. "Saa tatu kasoro robo."

"Na mimi hapa ni hivyo hivyo. Basi saa iko sawa, dada. Ni mtandao tu."

Nikamwamini. Jumatano nilimwomba mama jirani, anayeuza dagaa genge la mbele, amwangalie baba kwa muda, nikabeba kompyuta na simu mbili hadi Mirongo, katikati ya mji, kwenye duka la huduma za intaneti linalosifiwa kwa kasi. Kasi ilikuwepo kweli. Nilikataliwa kwa haraka zaidi kuliko nyumbani. Nikakaa pale kati ya watu wanaochapisha vyeti na kupiga picha za pasipoti, nikahisi machozi yanakuja, nikajifanya napenga kamasi.

Niliporudi, mama jirani alikuwa bado ana wateja na baba alikuwa amejikojolea. Hakumwita. Mwanamume aliyesimamia mashine za kuchambua pamba maisha yake yote hawezi kumwita mwanamke wa jirani kwa jambo kama hilo. Nilimbadilisha nguo, naye akageuza uso ukutani. Kama hivi ndivyo inavyokuwa kwa nusu siku tu, nilijiuliza, mwezi utakuwaje?

Jioni hiyo mkuu wa idara alinipigia simu. Hakugomba. Alisema malori yanasubiri, mwenzangu anabeba kazi za watu wawili, na kwamba ananipa mpaka Ijumaa. "Usipoonekana kwenye mfumo, Jumatatu ijayo uripoti ofisini." Nikasema nimeelewa, mheshimiwa. Alhamisi nikajaribu, Ijumaa nikajaribu. Niliomba Mungu mbele ya kompyuta, mikono juu ya vitufe, na sioni aibu kusema. Ijumaa ofisi ilifungwa, nami niko nje.

Jumamosi asubuhi akaja shangazi, dada yake baba, kutoka Misungwi. Alikuwa amekuja pia Jumapili iliyotangulia baada ya ibada. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kitandani, akamshika kaka yake mkono ule usiosikia. Kisha akaniuliza, kwa furaha ya mtu anayesubiri shukrani:

"Ile saa niliyomrekebishia kwenye simu, inamsaidia?"

"Saa gani, shangazi?"

"Si alikuwa anachanganyikiwa! Anaona nane, hajui kama ni saa nane ama saa mbili, dawa anaogopa kumeza. Nikaiweka isome kama tunavyosema. Ikiwa saa mbili, aone mbili."

Niliichukua simu. Ilikuwa inaonyesha 3:20. Kompyuta mezani ilionyesha 9:20. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na wiki nzima nilikuwa nimetazama zote mbili, nikazisoma zote mbili vilevile, bila kushtuka. Tangu utotoni tunaona tisa, tunasema tatu. Kichwa kilifanya hesabu kwenye kompyuta, na kwenye simu hakikuona haja. Jamaa wa TEHAMA aliniuliza sawasawa, nami nilimjibu kweli tupu, na sote wawili tukapotea.

Nikairudisha saa ya simu mahali pake. Nikaandika tarakimu sita. Mfumo ukafunguka bila kelele, kama vile hatujawahi kugombana. Ndani nilikuta barua iliyotumwa Ijumaa jioni: safari zangu zote amepewa mwenzangu, ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani imefutwa, na natakiwa ofisini Jumatatu.

Nilitoka hadi uani nikampigia mkuu wa idara. Nilimweleza kila kitu, kiharusi, dawa, saa, shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, namshukuru kwa hilo.

"Pole sana," alisema. "Lakini leo ni saa, kesho itakuwa umeme. Barua imeshasainiwa na mkurugenzi. Tuonane Jumatatu."

Nilisimama pale kwenye kamba ya nguo, mashuka ya baba yananipiga usoni, na nililia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti. Nilimchukia shangazi kwa dakika chache. Kisha sikuweza tena, maana katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyejiuliza mgonjwa anasomaje saa.

Nilipoingia ndani, baba alikuwa ameishika simu kwa mkono wa kushoto, ameikunjia uso. Namba zilikuwa zimerudi kuwa zile zinazomtisha. Nikaichukua, nikaiweka tena kama alivyoiweka shangazi, nikampa. Akaisoma kwa sauti, saa nne kasoro dakika tano, na shangazi akampigia makofi.

"Ofisi hawaihitaji tena hii simu?" aliniuliza, maneno yakitoka kwa shida upande mmoja wa mdomo.

"Hawaihitaji tena, baba."

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nilijua tu," akamwambia dada yake. "Wamekubali abaki."