Msumari na Shimo la Nungunungu

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, enzi za Mwingereza, ukungu umelala juu ya shamba letu la mihogo kule Handeni, hata miguu yangu mwenyewe nikawa naiona kwa kubahatisha. Nilikuwa binti mkubwa, karibu kuolewa, na mdomo wangu ulikuwa mkali kuliko wembe. Wewe, mwanangu, unaniona leo naongea kwa sauti ya chini, unadhani nilizaliwa hivi. Thubutu!

Baba yangu alikuwa mpishi wa meneja mmoja wa shamba la mkonge huko Korogwe. Meneja alipofunga safari ya kurudi kwao, alimwachia baba mbwa wake, wa jamii wanayoiita teria, mbwa wa kuwinda hadi mashimoni. Baba akamleta nyumbani kwa lori, ndani ya tenga, kichwa nje, anatazama njia kana kwamba lori ni lake. Mbwa mwenyewe mdogo, mweupe, ana baka la kahawia jichoni na manyoya magumu. Tukamwita Msumari.

Usicheke udogo wake. Ukimwita, alikutazama kwanza, akapima kama shauri lako lina maana, kisha akaenda zake. Mama alisema sikio la kufa halisikii dawa. Nilimfunga kwa kamba ya katani, akaitafuna. Nilimchapa fimbo, akaketi akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Lakini tulimhitaji. Mvua za mwaka ule zilikuwa haba, mahindi yakakauka, tukabaki na mihogo tu, nayo nungunungu walikuwa wakiifukua. Ikiisha ile, tungekula nini? Baba aliporudi Korogwe kutafuta kibarua kingine, aliniachia shamba na mbwa. "Mtunze," alisema, "naye atawatunza."

Basi asubuhi ile ya ukungu Msumari alinusa nyayo za nungunungu, akazifuata mpaka pembezoni mwa shamba, akatoweka ndani ya shimo. Nikamwita, wapi! Nikalala kifudifudi, sikio ardhini, nikamsikia anabweka chini kabisa. Mwanangu, mpaka leo siwezi kueleza vizuri. Pande zote nyeupe, hakuna mti wala nyumba, na sauti ya mbwa inapanda kutoka udongoni hadi kifuani mwangu, kama ardhi yenyewe inaweweseka usingizini. Nikaogopa. Miiba ya nungunungu imeua hata chui. Nilimpenda mbwa yule, na sikuwa nimelijua hilo mpaka saa ile.

Nikapiga kelele. "Msumari! Toka! Toka, we mkaidi!" Nikaigonga ardhi kwa mpini wa jembe. Kila nilipopaza sauti, naye alizidi kubweka. Jua likapanda nyuma ya ukungu, koo likanikauka, mbwa hajatoka.

Ndipo zikasikika kengele za ng'ombe, na mzee mmoja mfugaji, Mmaasai wa mbuga za jirani, akatokea ukunguni.

"Binti, hata salamu imekufia mdomoni?"

"Shikamoo, mzee. Mbwa wangu yumo humu, hanisikii."

"Marahaba. Anakusikia sana, ndiyo maana hatoki. Akisikia sauti yako juu yake, anajua mko wawili vitani. Wewe unasema toka, yeye anasikia kaza. Utamuua wewe, si nungunungu."

Yaliniuma maneno yale. "Sasa nifanye nini, mzee?"

"Nyamaza. Jeuri hiyo anaazima kwako."

Akaenda zake na ng'ombe wake. Nikarudi nyuma, nikaketi. Kunyamaza, mwanangu, ni kazi kuliko kulima. Mbwa aliendelea kubweka, baadaye akawa anabweka na kupumzika, kama anayeuliza kitu, halafu kimya. Nikajua amekufa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na mshindo wenyewe ulikuwa kifuani mwangu.

Udongo ukatikisika. Kikatoka kichwa chekundu kwa vumbi, miiba imemchoma shavuni. Akatazama huku na huku akinitafuta. Aliponiona akaja polepole, akaweka kidevu pajani kwangu. Nilimng'oa miiba mmoja mmoja huku nalia, naye katulia tuli.

Nungunungu wa shimo lile walihama, na mihogo ikatuvusha. Ila usidhani Msumari aliacha ukaidi. Kesho yake aliingia shimo lingine.

Mwanangu, ukipata mbwa wa namna ile, mpe kazi, mkague kupe kila jioni, usimfunge kutwa, wala usidhani fimbo itampa akili. Na ukijaliwa mtoto wa namna ile, au mwenzi, maana Mungu hugawa vichwa vigumu bila ubaguzi, mwite mara moja tu, kwa jina lake zuri. Asipotoka, nyamaza, lakini usiondoke. Wengi hunyamaza kwa kususa. Huko nako ni kupiga kelele. Wewe kaa mahali atakapokuona.

Mungu akujalie kifua cha kungoja. Na kila umpendaye aliyejichimbia gizani, siku atakapotoka na miiba yake, akukute upo, mikono mitupu, tayari kuing'oa.