Kikombe cha Dirishani

Juzi, jikoni kwa dada yangu, niliona kikombe cha plastiki kimewekwa peke yake dirishani, na sikuhitaji kuuliza ni cha nani.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukiishi mtaa wa Noonkopir, na alasiri moja ya Jumapili harufu ya machinjioni ilikuwa imejaa sebuleni. Nekesa, msichana wetu wa kazi, alikuwa ametoroka, na Pasta ndiye aliyemrudisha. Nekesa alisimama mlangoni na mfuko wake wa nguo huku Pasta akitueleza barua ya Paulo kwa Filemoni. Mtumwa Onesimo alikuwa amemtoroka Filemoni, na Paulo, akiwa kifungoni, alimrudisha akiomba apokewe kama ndugu, si kama mtumwa tena. Baba aliitikia "Amina!" kwa sauti iliyotikisa vioo.

"Na Filemoni alijibu nini?" niliuliza.

"Biblia haisemi, mtoto wangu," Pasta alisema.

Mimi nilidhani Baba ameshamjibia kwa ile Amina. Nikatoa kabatini kikombe cha wageni, kile cha maua, nikammiminia Nekesa chai na kumvutia kiti mezani. Alikunywa haraka, macho chini.

Mama alitabasamu mpaka Pasta alipofunga geti.

"Nekesa, kikombe yako si iko pale dirisha?" Kisha akanigeukia. "Na hiyo ya wageni, ioshe mara mbili."

Dada yangu siku hizi anafundisha Biblia kanisani, na barua hiyo ameikariri yote. Juzi alinikaribisha mezani, chai kwa kikombe cha maua.

Kwetu, Filemoni bado hajajibu.