Binti Aliyekataa Kufuta "Glotze"

Mimi ndiye niliyemfundisha mpwa wangu Kijerumani, ingawa sikijui. Msicheke. Katika karakana yangu ya televisheni kuna moja iliyokufa picha ikabaki sauti, na dishi langu, nililolitega mwenyewe kwa jicho tu, linanasa stesheni ya Wajerumani. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni dobi mlango wa pili. Tunamwita Pasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Miaka miwili amenyoosha mashuka huku akisikiliza watu asiowaona wakigombana sebuleni kwao.

Ndipo akajua kwamba Mjerumani akiwa kwake haiiti televisheni kwa jina la kitabuni. Anaiita Glotze, yaani kitu cha kukodolea macho. Akizubaa hapo siku nzima, husema ananing'inia mbele ya Glotze, kama shati kwenye kamba. Akiiacha iseme tu bila yeye kufikiri, husema anajiachia anyunyiziwe. Hilo la kunyunyiziwa lilimchekesha Pasi hadi akaunguza kola ya mteja. Yote akayaandika daftarini.

Ugomvi ukaanzia hapo. Pasi alitaka kazi ya kutunza wazee huko kwa Wajerumani, na alikuwa akisoma lugha kwa mwalimu mmoja wa tai na viatu vinavyong'aa. Bila saini ya huyo bwana, makao ya wazee hayampokei mtu. Alipoliona daftari, akasema hayo ni maneno ya vijiweni. Ayafute yote, la sivyo hasaini. Dada yangu akamsihi binti anyenyekee, mkono usioweza kuukata ubusu. Mimi nikamshauri aubusu kisha aung'ate. Hakutusikiliza hata mmoja.

"Mwalimu, nakuheshimu," alimwambia mbele ya darasa, "lakini mzee wa miaka tisini ataniomba kwa maneno yake, si kwa yako. Sifuti hata moja."

Mwalimu akamjibu basi akaaibike.

Usaili ulifanywa kwa simu, palepale darasani, msimamizi wa makao, mama wa Kijerumani, akisikika kwenye spika. Nilikuwepo. Niliwadanganya kwamba spika inahitaji fundi karibu. Mama yule, Pasi alinifasiria yote baadaye, aliwauliza wote swali moja: mzee amegoma kula, yuko mbele ya televisheni, utamwambiaje? Wa kwanza akamwomba mzee, kwa heshima zote, azime chombo chake. Wa pili akasema yaleyale, kama barua ya serikali.

Ikafika zamu ya Pasi. Mwalimu akamtolea macho. Yeye akaivuta simu karibu.

"Na, hängen wir wieder vor der Glotze? Rutschen Sie mal, ich gucke mit."

Yaani: tumeshaning'inia tena, eti? Hebu sogea kidogo, nami nitazame.

Kisha mama akauliza, na chakula je? Pasi, kwa Kijerumani chenye mashimo kama barabara ya mtaani kwetu, akasema sahani ataishika yeye, watazame wote wawili huku mzee akila. Mama akacheka, akasema huyu anamtaka, mwalimu ameshamsainia?

Mwalimu akasema bado, kuna lugha ya kurekebishwa kwanza.

"Saini kama nilivyo," Pasi akasema, akamsukumia fomu.

Mwalimu alijipapasa mifukoni muda mrefu akitafuta kalamu. Nikampa yangu.