Mgonjwa Hangoji Zamu

Siku moja ninaikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoona wanaume wazima wakikaa matanga ya kiwanda. Si ya mtu. Ya kiwanda. Walikaa uani kwangu, mtaa wa Tshopo, mikono mashavuni, na mimi ndiye niliyewapikia chai. Ilikuwa miaka ya hamsini, mji wetu ungali unaitwa Stanleyville, na Zaina, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Wanaume wale walikuwa watatu. Wa kwanza ni mume wangu Selemani, aliyekuwa akinunua samaki wa kukaushwa kule Yanonge, kijiji cha chini ya mto, na kuwaleta mjini. Wa pili ni Albert, rafiki yake, karani wa bandarini, mtoto wa watu wa mto waliokaa huko huko Yanonge. Wa tatu ni Papa Ramazani, mzee wetu aliyetoka Maniema, aliyewahi kuwa dereva wa Wazungu. Urafiki wao ulitokana na pikipiki. Kila mmoja alikuwa na pikipiki ya Kiingereza, zote za kiwanda kimoja, zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka upande wa Uganda. Tangi la kila moja lilikuwa jeusi, na jina la kiwanda limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Jumapili Albert alilisugua jina lile mpaka ukaweza kujitazama ndani yake. Nilikuwa namtania kwamba siku akioa, mkewe atalia wivu.

Sasa siku hiyo walikuwa wamekwenda dukani kuulizia vipuri, wakaambiwa vipuri havitakuja tena. Kiwanda kimefungwa. Kule Uingereza hakuna tena mtu anayetengeneza pikipiki za jina lile.

"Kiwanda inaweza kufa namna gani?" Selemani aliuliza. "Si nyumba tu na mashine?"

"Inakufa kama mutu," Papa Ramazani akamjibu. "Mi niliendesha motokari za Waingereza za kila namna. Kuko zingine majina yake leo hakuna mutu anajua. Walikuwa wengi kule, kila moja na kiburi yake. Mukubwa anameza mudogo, kisha naye anamezwa. Bon, njo vile."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na labda Waingereza hao nao walisifiwa mno. Mimi sikuwaona, siwezi kuwahukumu. Ninalojua ni kwamba walizipima nati zao kwa kipimo chao wenyewe, na spana za pikipiki za Wabelgiji, zilizojaa mjini, zilikuwa zikiteleza juu yake. Selemani alilazimisha moja, ikaila nati mpaka ikawa duara kama kifungo. Pikipiki zile zilikuwa mayatima.

Kilichoharibika zaidi ni manyeto. Hicho ndicho kifaa kinachotoa cheche. Bila cheche injini ni chuma tu. Ya Selemani ilikuwa imekufa, ya Albert pia. Ya Papa Ramazani ilikuwa nzima, lakini magoti yake mzee ndiyo yaliyokataa kupanda. Nikiwa namimina chai nikasema, kwa mzaha nusu, mbona hamfanyi likelemba? Sisi wanawake wa sokoni tulikuwa nayo: kila mmoja anatoa, na mmoja anapokea, leo huyu, kesho yule, hadi wote wamepata. Wanaume wakanicheka. Papa Ramazani hakucheka. Aliniangalia, kisha akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Akatoa manyeto yake iwe ya wote. Juma hili inakaa kwenye pikipiki ya Selemani, juma lijalo ya Albert. Akaweka sharti moja tu. "Mugonjwa hangojake zamu," alisema. "Mwenye mugonjwa akikuja, unafungua manyeto, unamupa. Hata kama iko zamu yako, hata kama iko siku ya soko." Wakashikana mikono, Mwislamu na Mkristo, na nikaona fahari moyoni, maana wazo lilikuwa langu.

Na ilikwenda vizuri, mwanangu. Tulikula, tulivaa. Nisikudanganye kwamba watu walikuwa wabaya.

Kisha zikaja mvua. Jioni moja Albert alifika kwetu amelowa. Mtu wa mtumbwi alikuwa amemletea habari ya mama yake.

"Ndeko, ndugu yangu," akamwambia Selemani, "mama iko mugonjwa sana. Nataka nimulete hapa ku lopitalo, kwa daktari. Unipe manyeto."

Ilikuwa zamu ya Selemani, na samaki alikuwa amekwisha kuwaagiza; asubuhi yake alikuwa aende kuwachukua. Alisugua kidevu. "Naenda kesho, kesho kutwa narudi," akasema. "Alors unaibeba. Siku mbili tu, Albert. Mama ataweza."

Nilimwambia palepale, mbele ya mgeni, jambo ambalo mke kijana hakulifanya: "Papa Zaina, mugonjwa hangojake zamu." Akaniambia nikamtazame mtoto. Albert hakubishana. Alitoka na mvua yake, akashuka mtoni, akatafuta mtumbwi.

Unaujua mto wetu. Kushuka Yanonge, maji yenyewe yanakubeba. Kupanda ndiko kazi, mnapiga kasia mchana kutwa na kijiji mlichokiacha bado mnakiona. Selemani alikwenda kwa barabara ya ng'ambo, akarudi kama alivyoahidi, kikapu cha samaki kimefungwa nyuma yake. Albert bado alikuwa majini.

Nilikuwa kivukoni nikiuza samaki wale mtumbwi wa Albert ulipofika. Wapiga kasia hawakuwa wakiimba. Albert alikuwa amekaa katikati, na mapajani mwake kichwa cha mama yake kimefunikwa kitenge. Mama alikuwa amemfia njiani, mji ukiwa karibu kuonekana. Niliinuka, nikasema pole. Albert akatazama karai langu la samaki. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Samaki ilikuwa imekwisha kufa, Mama Zaina," akasema. "Yenyewe ingengoja."

Nililia kivukoni mbele ya watu, na siku ile sikuuza tena.

Kwenye matanga, Selemani alikuja amechukua manyeto mkononi, imefutwa mafuta, akasimama nayo bila kujua aiweke wapi. Papa Ramazani akaipokea. Sisi sote tulingoja amkemee. Mzee alisema maneno machache tu, tena taratibu:

"Waingereza walifunga kiwanda yao, tukalia. Sisi tulikuwa na yetu, ya batu watatu. Nani ameifunga?"

Kisha akamgeukia Albert, akampa manyeto kwa mikono miwili. "Kamata, mwana. Zamu yako imefika."

Watu wa mto wana desturi ya kuweka juu ya kaburi vitu vya marehemu: sahani yake, kikombe, taa. Na kilichowekwa pale hakichukuliwi. Albert aliiweka manyeto kando ya sahani ya mama yake. Pikipiki zile tatu hazikuwaka tena. Selemani alikwenda Yanonge kwa baiskeli maisha yake yote, na hakuna siku niliyomsikia akilalamika.

Uzeeni, akiwa anaumwa, ndipo aliponiambia lililobaki. Siku ile Yanonge alipita mbele ya nyumba ya yule mama. Alimwona amelala kibarazani juu ya mkeka. Kikapu cha samaki kilikuwa kimekwisha kufungwa kwenye kiti cha nyuma. Mama akamuuliza kama mwanawe anakuja, naye akajibu anakuja, akawasha pikipiki.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Leo ninyi mna pikipiki tele, na viwanda vyake navyo vitakufa, majina yake yatafutika kama yale ya dhahabu. Usilie sana kwa hilo. Chuma kikifa, fundi hutafuta njia. Lakini neno mliloshikania mikono halina kipuri. Ukiingia likelemba na wenzio, usihesabu zamu yako tu. Mgonjwa akipiga hodi, fungua kikapu, ushushe samaki, umpandishe mtu.

Mungu akulainishie njia. Na siku utakapokuwa wewe uliyelala juu ya mkeka, akuletee mtu ambaye kiti chake cha nyuma kiko wazi.