Sungura wa Jirani Niliyemkirimu Hadi Akafa

Mimi ndiye niliyemuua Moti. Sikumpiga, sikumtupa, wala sikumsahau juani. Nilimuua kwa halua, kwa mkate wa boflo uliochovywa katika maziwa, na kwa ukarimu ambao mama alianza kunifundisha tangu sijajua kufunga kanga vizuri.

Moti alikuwa sungura. Najua mtacheka, na mimi ningecheka. Lakini msimalize kucheka kabla sijafika mwisho, kwa sababu mtaani kwetu kuna mama anayekataa kwenda kumpokea mjukuu wake wa kwanza, na anayemzuia ni mimi.

Nianze na dirisha. Nyumba zetu hapa mjini zimegandana, na kati ya ua wetu na ua wa jirani pana kidirisha kidogo cha kutosha kupitisha sahani na maneno. Jirani yangu ni bibi wa Kihindi ambaye dini yake haimruhusu nyama, samaki wala yai. Mumewe ni fundi cherehani, duka lake liko hapo chini. Nitamwita Bi Champa, na hilo si jina lake.

Mwaka wa tisa huu tunaishi ukuta mmoja, na kwa miaka yote hiyo Bi Champa hunipitishia sahani. Leo ladu, kesho bajia, keshokutwa chatne ya ukwaju inayonifanya nilambe vidole mbele ya watu. Na kwetu kurudisha sahani ya mtu tupu ni aibu ya kutosha kuhama mtaa.

Sasa mimi nitie nini? Sufuria zangu zimepika pweza, zimepika ngisi, zimepika kila kilichotembea na kilichoogelea. Bi Champa alinieleza tangu siku za mwanzo, kwa upole kabisa, kwamba chakula cha jiko langu hawezi kukila, na kwamba nisione vibaya. Nikasema sioni vibaya. Niliona vibaya miaka tisa.

Basi sahani yake hunijia na jasho la mtu, yangu humrudia na machungwa, au ndizi, au shokishoki na maganda yake. Vitu vya kuokotwa chini ya mti! Na mimi ndiye ninayesifiwa visheti mtaa mzima, ninayeitwa kwenye kila harusi nikasimamie upishi. Kila nikipanga machungwa kwenye ile sahani ya bati yenye maua mekundu, najiona nimeshindwa.

Moti aliingia nyumba ile kwa njia ya cherehani. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akishonewa magauni na mume wa Bi Champa alirudi kwao, akawaachia sungura mweupe mwenye sikio moja la kahawia. Binti yao wa pekee akampenda. Binti alipoozwa Bombay, Bi Champa akabaki na sungura, na mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa binti yakahamia kwa mnyama huyo. Alikuwa akimchana manyoya kwa kitana. Alikuwa akimsimulia bei za sokoni.

Mwaka jana Bi Champa alisafiri kwenda kumtazama binti yake, yeye na mumewe, miezi miwili. Asubuhi ya safari akaniita dirishani, Moti yumo ndani ya kapu.

"Dada, nnakuachia mtoto wangu," akaniambia. "Mpe majani tu. Majani na maji."

"Majani tu?"

"Majani tu. Chengine hapana. Usijisumbue, dada."

Hapo ndipo nilipopotea. Mtu wa kwetu akifika nyumbani kwako, ukamuuliza utakula nini, atakwambia, "Usijisumbue, maji tu yatosha." Ukimletea maji tu, atayanywa, atashukuru, na hatakusamehe mpaka kiama. Kila mtu anajua kwamba hiyo ni adabu yake, na wewe adabu yako ni kujifanya hukusikia. Nami nikamsikiliza Bi Champa kwa masikio hayo hayo. Nikajiambia, mwenzangu muungwana, hataki kunipa kazi. Majani tu! Mgeni wa miezi miwili!

Na niseme ukweli wote, maana ndio nilioujia. Moyoni nilifurahi kupita kiasi. Nilimwangalia yule mnyama ndani ya kapu nikawaza kwamba hatimaye yuko mtu wa nyumba ile atakayekula kutoka jikoni kwangu.

Siku ya kwanza nilimpa majani, akala. Siku ya pili nikamwekea ndizi pembeni ya majani, akaanza na ndizi. Nikajiambia, unaona? Mnyama hana adabu za uongo. Siku ya tatu boflo na maziwa. Wiki haijaisha tukafika kwenye visheti, tende, na kipande cha halua ya dukani ninachomlambisha kidoleni. Sungura wa hadithi tulizosimuliwa ni mjanja hata kwa simba. Huyu wetu hakuwa na ujanja wa kukataa halua.

Mume wangu ni karani katika shamba la serikali Kizimbani. Kila jioni alikuwa akirudi na furushi la majani mabichi amelifunga nyuma ya baiskeli, kwa kuwa alisikia maagizo yakitolewa na yeye akayasikia kama yalivyo. Furushi likawa linanyauka pembeni ya ua.

"Si umeambiwa majani?" akaniuliza siku moja.

"Mgeni atasema nini zaidi?"

"Yule si mgeni. Yule sungura."

"Ni mgeni aliye sungura," nikamjibu, na nikajiona nimesema jambo la maana. Akaegemeza baiskeli, akaingia ndani. Mume wangu haachi maneno kwa kushindwa, huyaacha kwa kuchoka, ila siku ile sikuijua tofauti.

Moti akanenepa. Majirani waliokuja kumtazama walinisifu, na mimi nikawa nampakata kama mtoto wa arubaini. Wiki ya sita tumbo likamharibika. Mwanamke mwingine angeacha halua hapo. Mimi nikamtwangia kitunguu thomu na tangawizi nikamlisha, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyotibu tumbo la binadamu. Alipokataa kula kesho yake, nikamtafutia parachichi lililoiva, laini, asipate taabu ya kutafuna. Akalila kidogo. Nadhani alilila kwa ajili yangu.

Kisha akakaa kwenye kona ya ua, amejikunja, anasaga meno. Mimi nikakaa karibu yake nikasema kumbe ana njaa, anatafuna hewa, nikamletea tena halua. Baadaye nikaja kujua kwamba sungura akisaga meno vile anaumwa. Alikuwa analia mbele yangu kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mimi namwongezea chakula. Asubuhi ya Jumatano nilimkuta amelala ubavu, lile sikio la kahawia limegusa sahani.

Mume wangu alimtia ndani ya kapu akampeleka Kizimbani kumzika. Huko kuna kibarua mmoja anayefuga sungura wake mwenyewe nyuma ya nyumba, akamuuliza mnyama huyu alikula nini. Mume wangu akamtajia. Jioni akaniletea jibu.

"Ameniuliza," akasema, "mlikuwa mnafuga sungura au mlikuwa mnafanya harusi?"

Kibarua yule alimweleza kwamba sungura hana uwezo wa kutapika. Kinachoingia tumboni mwake hakirudi, kiwe kizuri kiwe kibaya. Tumbo lake limeumbwa kwa majani, na linataka majani kutwa kucha. Utamu humvimbisha. Kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu damu yake. Parachichi ni sumu kwake. Maneno ya Bi Champa hayakuwa adabu hata kidogo, yalikuwa maagizo.

Nililia sana. Lakini mnajua nililia nini zaidi? Nililia nitamwambia nini Bi Champa. Na siku zote zilizobaki kabla hajarudi, sikuzitumia kutubu, nilizitumia kutunga.

Alirudi amepungua kwa safari, anacheka, ana zawadi. Kabla hajavua hata viatu alikuja dirishani. "Dada! Moti yuko wapi?"

Nikamwambia, "Alikataa kula."

Sijui hata maneno yalitoka wapi, maana yale niliyoyatunga yalikuwa mengine, ya ugonjwa na paka. Nikaendelea. "Tangu ulipoondoka. Kila kitu nimempa, hakutaka. Alikuwa akitazama dirisha tu. Alikuwa anakungoja wewe."

Mtu aliyekula mpaka akafa, nikamwambia mamake amekufa kwa kususa chakula. Bi Champa akashika chuma cha dirisha kwa mikono miwili, akalia bila sauti. Nami nikalia naye, na machozi yangu yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yalimdanganya vizuri.

Siku ya tatu aliniita. Nikaenda na machungwa, kama kawaida, nikawa namenya moja nile mwenyewe ili nipate pa kuweka macho yangu. Akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi, dada. Wewe ulimpa kila kitu. Wewe ulikaa naye."

Nikampa. Akala chungwa nililolimenya mimi, kwa kisu cha jikoni kwangu. Miaka minane nilikitamani kitendo kile, na nikakipata kwa uongo. Lile chungwa liliisha kipande kwa kipande mbele ya macho yangu, na sikuwahi kuona mtu anakula polepole vile.

Ningekuwa na haya, ningesema pale pale. Sikusema. Na mambo yangeishia hapo, mimi na aibu yangu, kama si barua ya mwezi uliopita. Binti yake ana mimba, ya kwanza, na daktari amemwambia alale, asinyanyuke. Ameandika, mama njoo, naogopa. Mumewe fundi akamletea barua, akaenda kuulizia nafasi melini, akarudi amefurahi. Bi Champa akasema haendi.

Nilisikia yote. Kidirisha hakifungiki vizuri.

"Kwa nini huendi? Mwanao anakuita," mumewe akamwambia.

"Nikiondoka, ninachokiacha hufa," akasema. "Moti ilikuwa sungura tu, na imekufa kwa kunitaka. Safari hii nauli ni ya mtu mmoja, nikiondoka nnakuacha wewe, na moyo wako ule mgonjwa. Siendi."

Mara tatu nimekwenda dirishani kumwambia. Mara ya kwanza nilimwuliza kama ana binzari. Mara ya pili nilimsifu chatne. Mara ya tatu alinikamata mkono, akanishukuru tena kwa kumlilia Moti, na mimi nikamwambia, "Usijali, shoga." Usijali! Ulimi huu ungetwangwa pamoja na ile thomu.

Kwa hiyo naandika gazetini, mahali ambapo nitasema mpaka mwisho bila mtu kunishika mkono. Sikutia jina, ila mume wangu akisoma atanijua, kwa sababu sidhani kama Unguja nzima ipo nyumba ya pili iliyomlambisha sungura halua.

Nyinyi mnaofuga, au mtakaoachiwa mnyama wa mwenzenu, nisikilizeni mimi niliyemaliza kuua. Mpeni sungura majani na maji. Msimpe halua, boflo, wali, tende wala biskuti, hata akiomba kwa macho, na ataomba. Msimpe kitunguu cha aina yoyote. Msimpe parachichi. Na yale majani nayo yachagueni, kwa maana kibarua wa Kizimbani amesema si majani ya tungule, yaani nyanya, si ya viazi mbatata, wala si kisamvu kibichi, ambacho hata sisi hatukili mpaka kichemke vya kutosha. Na mtu akikwambia "majani tu", ndugu yangu, tafadhali jisumbue kumwamini.

Bi Champa hasomi Kiswahili. Mumewe humsomea gazeti uani, yeye akipeta mchele. Sahani yake ya bati iko kwangu wiki ya tatu sasa, nimeiosha, imekauka, na kwa mara ya kwanza machungwa yamenishinda kuyapanga. Siku gazeti hili likitoka nitalikunja, nitaliweka juu ya sahani ile, nitalipitisha dirishani, kisha nitakaa pale pale nilipokaa na Moti, nisikie likisomwa.

Bi Champa, Moti hakufa kwa kukungoja. Alikusahau siku ya pili, alipoonja ndizi. Alikula vizuri sana bila wewe, na mimi ndiye niliyemuua. Meli bado haijaondoka. Nenda kwa mwanao, na mumeo usinikabidhi mimi.