Mkate wa Sinia na Mtihani wa Kesho

Bisheni mpendavyo, lakini mimi niliyeacha shule darasa la sita nimeona mtoto wa Gredi ya Sita akiandaliwa mtihani kwa kisu cha mkate, hapa hapa Msambweni.

Mama mmoja muuza mkate wa sinia alikuwa na bintiye mezani, mtoto analia. Kesho ana mtihani wa hesabu, na hajui ipi kubwa, theluthi au robo.

“Mwalimu asema tuwasaidie,” mama akaguna. “Nami sikusoma! Theluthi ndiyo nini, mwanangu?”

“Kugawia watu watatu.”

“Na robo?”

“Wanne.”

Mama akavuta mikate miwili, mmoja akaukata vipande vitatu sawa, wa pili vinne. “Haya, mwenye njaa achukue kipi?”

Binti akacheka, mashavu bado mabichi, akaidaka theluthi.

Enyi wazazi msiosoma, msijidharau. Kugawa mnakujua tangu jikoni.

Ila nimewaficha jambo. Aliyemchanganya mtoto ni mimi, kwa kujigamba pale mezani kwamba robo ni kubwa kwa kuwa nne yaishinda tatu. Nilipoomba mkate, mama akanipa robo.

“Kula, baba. Si wasema ndiyo kubwa?”